Mara Nne, Kisha Shingo

Darasa zima, wanafunzi thelathini na wanane, lilikubaliana kwamba mume yule alinyongwa. Mwaka ule hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lingine lolote, hata zamu za kufagia, lakini hilo la kunyongwa halikuwa na mbishi. Lilikuwa limeandikwa kwenye mwongozo.

Mwongozo wenyewe ulikuwa kurasa tisa za fotokopi zilizobanwa kwa pini moja, zilizopita mikono mingi mpaka pembe zake zikawa laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Hakuna aliyejua nani aliuandika. Ulieleza hadithi zote kumi na mbili za kitabu cha darasa, na hadithi ya tisa, iliyoitwa "Kifungo cha Miaka Saba", uliieleza hivi: mume anakamatwa na polisi, anafungwa jela miaka saba, mke anabeba aibu peke yake, na siku mume anaporudi, mke anamnyonga kwa uzi mweusi. Dhamira kuu: kisasi katika ndoa. Wahusika: mke, katili; mume, marehemu.

Siku ya Ijumaa mwalimu wa fasihi aliandika swali ubaoni. Walitakiwa kuihakiki hadithi hiyo, wakionyesha dhamira yake na matumizi ya ishara. Wanafunzi walimwita Mwalimu Dhamira, kwa sababu hata ukimwomba ruhusa ya kwenda msalani angekuuliza dhamira iko wapi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye koti jeusi lililofifia mabegani. Kifungo cha katikati cha koti hilo kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja tangu muhula uanze, na darasa lilikuwa linakisubiri kianguke.

"Insha mtaileta Jumatatu, na ina alama ishirini," alisema. "Atakayepata kumi na nne kwenda juu, mwakani anabaki darasa la lugha. Chini ya hapo atapangiwa ufundi, useremala au ushonaji, kulingana na nafasi. Orodha itabandikwa Ijumaa ijayo."

Macho yake yakamwangukia msichana wa dawati la pili, ambaye kila mtu alijua kwamba mama yake ni fundi cherehani.

"Wewe Koma, hata ukikosa si vibaya sana. Sindano iko nyumbani."

Darasa likacheka. Mwalimu naye akatabasamu, hakukusudia ubaya. Koma akacheka pia, kama mtu anavyocheka mkubwa wake anapomkanyaga mguu bila kujua. Lakini tangu hapo hakuandika tena kitu daftarini mpaka kengele ilipolia.

Hakuna alichokitaka duniani kama kubaki darasa la lugha.

*

Jina la Koma alipewa na baba yake, mchora mabango. Alipokuwa na miaka minane alisimama mbele ya bango jipya la bucha, rangi bado mbichi, akasoma kwa sauti: "Tunauza nyama watoto na wakubwa karibuni." Akamgeukia baba yake na kumuuliza watoto wanauzwa kwa kilo au mzima mzima. Baba alicheka mpaka akakaa chini barabarani, kisha akapanda ngazi na kuitia koma mahali pake. Tangu siku hiyo hakuchora bango bila kumwonyesha binti yake kwanza.

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha cherehani. Mashine ilikaa chini ya dirisha, na ukutani zilitundikwa nguo za watu zikisubiri wenyewe: gauni lisilo na mikono, suruali yenye mguu mmoja uliopindwa na mwingine bado. Mama hakumruhusu Koma kuigusa sindano. "Kila mtu na chombo chake," alikuwa akisema. "Changu hiki. Chako ni kalamu. Ukishika hiki, utakizoea, na mimi sitaki ukizoee."

Jumamosi baada ya chakula cha mchana Koma alikaa sakafuni, mgongo ukiegemea ukuta, kitabu magotini na mwongozo pembeni. Mama alikuwa anatia zipu kwenye sketi.

"Soma kwa sauti," Mama alisema, pini zikiwa mdomoni. "Mikono ina kazi, masikio yamekaa tu."

"Utachoka, Mama. Ni ya shule."

"Nitachoka kwa kukaa? Soma."

Hadithi ilikuwa fupi, kurasa nne tu. Koma aliisoma vizuri, kwa sababu alipenda kusoma vizuri hata pale ambapo hakuna wa kumsikiliza. Ilianza hivi: "Alimshika. Akajinasua, akaenda zake, akamwachia kifungo. Alikaa na kifungo kile miaka saba, hakumwonyesha mtu." Kisha zikaja kurasa za miaka yenyewe: mvua, paa linalovuja, majirani wenye maswali. Na mwisho ukawa huu:

"Mlango ukagongwa. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Hawakusemezana. Akamkalisha karibu na dirisha, penye mwanga. Akachukua uzi mweusi. Akaupitisha mara nne, akauzungusha shingoni, akakaza, akaukata kwa meno. 'Basi,' akasema. Akabandika maji ya chai, akatoa vikombe viwili."

Koma akafunga kitabu. "Imeisha. Amemnyonga."

Cherehani ikasimama.

"Amemnyonga nani?"

"Mume wake."

"Saa ngapi?"

"Si hapo, Mama! Kamzungushia uzi shingoni, kakaza. Huo uzi mweusi ni ishara ya kifo."

Mama akatoa pini mdomoni moja moja na kuzichomeka kwenye kimto chake. "Rudia hapo kwenye uzi."

Koma akarudia. Alipofika kwenye meno, Mama alikuwa ameshaanza kucheka. Hakutoa sauti, alicheka kwa mabega, na kitambaa kikateleza magotini mwake kikaanguka.

"Mwanangu, huyu mwanamke kashona kifungo."

"Kifungo ni jela, Mama. Kichwa cha hadithi kinasema, kifungo cha miaka saba."

"Jela iko wapi? Nionyeshe. Kidole hapa."

Koma akapitisha kidole. Alikipitisha kurasa zote nne, kisha akarudi mwanzo akapitisha tena. Hakukuwa na jela. Hakukuwa na polisi wala hakimu wala pingu.

"Lakini hapa, 'Alimshika.' Huyo ni polisi."

"Katokea wapi? Nyumba ina watu wawili. Mume anataka kuondoka, mke hataki. Simama." Mama akainuka, akamshika Koma kifuani, kwenye blauzi ya shule ambayo hakuwa ameivua tangu masomo ya asubuhi. "Jinasue."

"Mama!"

"Jinasue, nakwambia!"

Koma akajivuta kwa nguvu. Kitu kikalia, tap. Mama akafungua kiganja. Kifungo cha pili cha blauzi kilikuwa kimelala katikati, cheupe, na uzi wake bado umekigandia.

"Haya. Umeniachia nini?"

Koma alikiangalia. "Kifungo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Na shingo hii hapa." Mama akakigeuza kifungo. "Pale chini, kati ya kifungo na kitambaa, sisi mafundi tunapaita shingo. Unaizungushia uzi ili kisimame. Kisha hivyo vikombe viwili ni vya nani? Maiti anakunywa chai?"

"Mwongozo unasema kikombe cha pili ni ishara ya majuto."

"Ishara ya majuto," Mama alirudia taratibu, kama mtu anayeonja kitu asichokijua. Kisha wakacheka wote wawili mpaka Baba akaingia, sikio moja likiwa na rangi ya kijani, akitaka kujua nani kafurahishwa bila yeye.

Wakamweleza.

"Kwa hiyo huyo bwana yuko hai?"

"Yuko hai, Baba."

"Afadhali. Maana mtu utembee miaka saba, ufike kwako na njaa, unyongwe!" Akajifuta sikio, rangi ikahamia shavuni. Kisha akawa mzito. "Lakini Koma, mwalimu wako anataka maiti. Mpe maiti yake, upate alama zako, ubaki darasa unalolitaka. Ukweli utausema ukiwa mkubwa."

"Mteja akikwambia uandike 'duka la vyakura', utaandika?"

"Nimeshaandika. Liko pale kona mpaka leo."

"Na unalipita unaona nini?"

Baba akakuna shingo. "Siku hizi napita njia ya nyuma."

Mama alikuwa amerudi kwenye sketi yake. "Usiandike kwa sababu nimesema mimi," alisema bila kuinua macho. "Mimi na vitabu wapi na wapi. Labda huko shuleni kifungo ni kingine."

Kile kifungo cheupe kilisahaulika kwenye kopo la chaki za ushonaji. Jumatatu Koma alikwenda shuleni blauzi ikiwa imebanwa kwa pini, na mkononi ana insha ya kurasa tatu ambamo hakuna mtu aliyekufa.

*

Alirudishiwa Jumanne. Nne chini ya ishirini.

Chini ya ukurasa wa kwanza, pale alipoandika "kwa mujibu wa fundi mmoja wa nguo", kulikuwa na wino mwekundu: "Fundi gani? Amechapisha wapi?" Mwishoni: "Umetoka nje ya hadithi kabisa." Jirani yake wa dawati alichungulia, na kabla Mwalimu hajamaliza kugawa karatasi habari ilikuwa imefika ukuta wa nyuma. Kuna mtu kaandika kuhusu vishikizo! Mmoja akamwonyesha pini ya blauzi yake na kusema kumbe mfungwa mwenyewe katoroka.

Koma akasimama. Hakuwa amepanga kusimama. Miguu ilifanya yenyewe.

"Mwalimu, hakuna jela kwenye hadithi."

"Kaa chini."

"Hakuna hata neno polisi. Nimetafuta."

"Nimefundisha hadithi hii miaka kumi na moja, Koma. Koma!"

Hakukusudia mzaha, lakini darasa liliusikia na kuangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomkasirisha. Mtu mpole akikasirika hajui aishie wapi. Alisema mzazi afike kesho, saa nne, kwa utovu wa nidhamu. Akasema na hiyo nne ni ya huruma.

Koma alifika nyumbani akaikunja ile insha mara mbili na kuitia chini ya godoro. Baadaye akaitoa, akampa Mama, kwa sababu hapakuwa na namna.

Mama aliisoma polepole, midomo ikitembea. Alipofika kwenye wino mwekundu akaupitishia kidole.

"Amechapisha wapi," alisema. Akaangalia mikono yake, kisha akaangalia nguo zilizotundikwa ukutani. "Ningejua atauliza, ningekukataza."

"Hukunikataza. Na mimi nisingekubali."

"Kumi na nne, siyo?"

"Kumi na nne."

Mama akaikunjua insha na kuinyoosha kwa kiganja juu ya meza ya kukatia, vile anavyonyoosha kitambaa kabla ya kukipima.

*

Jumatano alivaa gauni lake la bluu, alilojishonea mwenyewe kwa vipande vilivyobaki na kuvipanga vizuri hata usingejua ni vipande. Kwenye ukosi alichomeka sindano yenye uzi, kama kawaida yake. Asingetoka nyumbani bila sindano, kama vile mwingine asivyotoka bila funguo.

Karani wa shule aliinua kichwa, akamwona na sindano yake, akakirudisha kwenye karatasi. "Sare zipeleke stoo, mama. Mlango wa nyuma."

"Sikuleta sare. Nimeitwa."

"Aa. Mtoto wako kafanya nini?"

Mama akatafuta njia fupi ya kueleza. "Ni mambo ya kifungo."

Karani akashika mdomo. Kalamu ikamdondoka. "Jamani! Miaka mingapi?"

"Saba," alisema Mama, na akaona uso wa yule mwanamke unavyojaa huruma ya kweli, mpaka akamvutia kiti na kumwomba akae. Alikaa. Na pale kwenye kiti, badala ya kucheka, Mama alianza kumwelewa Mwalimu. Huyu karani naye hakuwa mjinga. Alikuwa amesikia neno moja tu, akakimbilia lile baya, kama watu wengi tunavyofanya.

Mwalimu Dhamira alimpokea katika chumba chenye meza tatu, vitabu vimepangwa sakafuni kwa kukosa kabati. Koma alikuwa ameshaitwa, amesimama karibu na dirisha.

"Karibu, mama. Samahani kwa kukutoa kazini."

"Asante, Mwalimu."

"Binti yako ana akili. Silifichi hilo. Lakini hadithi si kila mtu aitafsiri apendavyo. Kuna wataalamu. Nikuulize bila kukuvunjia heshima, mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Niliishia shule ya msingi."

"Unaona sasa." Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Koma kuliko kelele.

Tangu aingie, Mama alikuwa anajitahidi kuangalia uso wa Mwalimu, na macho yake yalikuwa yanashuka yenyewe. Kila Mwalimu alipopumua, kifungo cha katikati cha koti kiliyumba. Mtu mwingine angeweza kuvumilia.

"Mwalimu, utanisamehe. Hicho kifungo kitaanguka sasa hivi."

"Kifungo gani?" aliuliza Mwalimu, mawazo yake yakiwa jela.

"Cha koti lako."

Akajiangalia tumboni kana kwamba ni mara ya kwanza. "Ah, hicho. Kina siku nyingi."

"Livue. Dakika mbili tu. Mimi nikiona kitu kama hicho sisikii tena mtu anasema nini, na sitaki nikose adabu."

Akalivua, labda kwa sababu hakuwahi kufundishwa jinsi ya kumkatalia mama wa mtu. Bila koti alionekana mwembamba zaidi. Mama akasogeza kiti karibu na dirisha, penye mwanga, akachomoa sindano ukosini.

"Na wewe usikae bure, Mwalimu. Nisomee ile sehemu ya mwisho. Binti kanisomea, lakini wewe ndiye unayejua kusoma inavyotakiwa."

Mwalimu alichukua kitabu. Aliijua hadithi karibu kwa moyo, ila alisoma kwa heshima, kwa ile sauti yake nzuri ambayo hata watundu wa nyuma waliinyamazia.

"'Mlango ukagongwa. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia. Hawakusemezana. Akamkalisha karibu na dirisha, penye mwanga.'" Akatupa jicho dirishani, akarudi kitabuni. "'Akachukua uzi mweusi. Akaupitisha mara nne...'"

Sindano ya Mama ilishuka, ikapanda. Ilishuka tena. Mwalimu alikuwa ameacha kuangalia ukurasa. Koma alihesabu kimoyomoyo: tatu, nne.

"'Akauzungusha...'" alisema Mwalimu.

Mama alikiinua kifungo kidogo kwa kidole gumba, akauzungusha uzi chini yake, mara moja, mara mbili, mara tatu.

"'...shingoni,'" Mwalimu alimalizia, polepole sana. "'Akakaza.'"

Mama akakaza.

"'Akaukata kwa meno.'"

Akainama, kt.

"Basi," alisema Mama, akamnyooshea koti lake.

Mwalimu hakulipokea. Alikuwa anaangalia neno lililofuata kitabuni. Mama hakuwa amelikumbuka; kila fundi akimaliza husema hivyo. Lakini lilikuwa pale, limechapishwa ndani ya alama zake za kunukuu, likisubiri kusomwa.

Mwishowe Mwalimu aliuliza, kwa sauti ya mwanafunzi, "Na chai?"

"Mtu katoka safari, Mwalimu. Atapewa nini?"

Mwalimu akakaa kwenye rundo la vitabu bila kutazama anakalia nini. "Miaka kumi na moja," alisema. "Kila mwaka namnyonga huyu mtu wa watu. Mbele ya watoto."

"Na mkewe ukamwita katili," Koma alisema, halafu akajutia ulimi wake. Lakini Mwalimu alikuwa ameanza kucheka, taratibu kwanza, kisha mpaka akavua miwani, na karani akaja kuchungulia mlangoni akashangaa kuona familia ya mfungwa inacheka hivi.

Alipotulia, Mwalimu aliichukua ile insha na kuisoma upya, yote. Koma aliamini kalamu nyekundu itakwenda moja kwa moja kwenye ile nne. Haikwenda.

"Sibadilishi," alisema Mwalimu.

"Mwalimu!"

"Sikiliza. Uko sahihi, na mimi nilikosa, nami nitaliambia darasa hivyo. Lakini insha hii bado ni mbaya. Umesema tu ni kifungo cha koti kwa sababu fundi kasema. Hiyo si hoja. Mama yako hakuniambia kitu hapa, umeona? Alinionyesha. Wewe nionyeshe kwa maneno ya hadithi yenyewe. Na unieleze kwa nini ni mara nne. Kesho, kabla ya saa sita. Nitasahihisha bila upendeleo."

Akavaa koti, akakigusa kifungo cha katikati. Kilisimama wima kama askari. "Asante, mama," alisema. "Lile neno langu la Ijumaa, la sindano. Binti yako atakuwa alikuambia."

"Hakuniambia," alisema Mama.

Mwalimu akainamisha kichwa. "Basi alikuhifadhi wewe. Nami pia."

*

Jioni ile, jua likiwa bado dirishani, Koma alikaa mbele ya karatasi tupu. Aliandika kwamba neno jela halimo. Aliandika kwamba kitu cha kutoonyeshwa mtu ni kitu kinachoweza kushikwa mkononi. Akaandika kuhusu mwanga: anayetaka kuua hatafuti dirisha. Yakaja haraka, moja baada ya jingine, kisha akafika kwenye mara nne na kalamu ikagoma.

"Mama, kwa nini nne?"

"Ndivyo tunavyofanya."

"Kila kifungo?"

Mama akafikiri. Hakuwahi kuulizwa. "Hapana. Kazi ya haraka, mbili. Ya kawaida, tatu."

"Na nne?"

Badala ya kujibu Mama akaingiza vidole kwenye kopo la chaki, akatoa kifungo cheupe cha blauzi. Akatunga uzi kwenye sindano. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka kumi na sita: akampa Koma sindano.

"Kishone mwenyewe, uone."

Baba aliacha kuosha brashi zake mlangoni ili aangalie. Koma alijichoma mara ya kwanza, akanyonya kidole, akaendelea. Moja. Mbili. Kwenye ya tatu kifungo kilikuwa tayari kimeshika, angeweza kuacha. Alikivuta, hakikutoka. Akaupitisha uzi mara ya nne.

"Hiyo ya nne haikuwa na kazi," alisema. "Kilishashika."

"Ee."

"Ni ya nini basi?"

"Ni ya mtu ambaye hutaki aondoke tena," Mama alisema, na akageuka kuangalia kanyagio la cherehani kana kwamba limelegea. "Sasa zungusha shingo. Usikaze mno! Ukikaza mno hakifungiki, kinachanika na nguo. Kiachie nafasi."

"Mara nne umshike, kisha umwachie nafasi," alisema Baba mlangoni. "Mama Koma, koti langu la kazi, vifungo umepitisha mara ngapi?"

"Mara mbili. Ulikuwa na haraka."

"Mbili!"

Koma hakusikia mengine. Alikuwa anaandika.

*

Orodha ilibandikwa Ijumaa kwenye mlango wa ofisi. Kabla ya hapo, asubuhi, Mwalimu Dhamira alisimama mbele ya darasa, koti limefungwa vifungo vyote vitatu, akasema ana tangazo: yule mume wa hadithi ya tisa amefufuka. Akawaomba radhi. Akasema insha zote thelathini na saba zitarudiwa, alama zitakazotumika ni za marudio, na safari hii asione mwongozo juu ya dawati. Wanafunzi wakalalamika sana, wakamgeukia Koma kwa macho ya kumla, kisha mmoja akauliza kama polisi naye hakuwepo, na ubishi ukaanza, ubishi mtamu, ambao haukuwahi kuwemo katika darasa lile.

Upande wa darasa la lugha ulikuwa na jina moja tu, mengine yakisubiri marudio. Lilikuwa la Koma. Insha yake ilirudi na kumi na sita. Pale alipoandika kuhusu mara ya nne hakukuwa na maneno mekundu, mstari tu, uliopigwa pembeni toka juu mpaka chini, kama mtu aliyesahau kuinua kalamu. Na mwishoni, pale alipotaja chanzo chake "Mama, mazungumzo, kwenye cherehani", Mwalimu alikuwa ameweka alama ya vema.

"Hizo nne zilizobaki zimeenda wapi?" aliuliza Baba, akiishika insha kwa ncha za vidole asiipake rangi.

Koma akainamisha uso. "Koma. Nimezikosea nne."

Baba akaenda nje kucheka, kwa sababu chumba hakikumtosha.

Mama aliiweka insha kwenye droo ya cherehani, pamoja na mkasi mzuri, ule usioazimishwa mtu. Akakaa. Akavuta suruali iliyokuwa na mguu mmoja uliopindwa.

"Haya, soma ya kumi," alisema. "Mwongozo uache huko huko."

Koma akaegemea ukuta, akafungua. "'Walikutana mlangoni, yeye akitoka, yeye akiingia. Mlango ukawagonga wote wawili.'"

"Ngoja," alisema Mama. "Wote wawili? Mlango huo unafungukia ndani au nje?"

Koma akatafuta kwa kidole. "Haijasema."

Wakatazamana. Mama akamgeukia mumewe, ambaye alikuwa amerudi na macho yenye machozi ya kicheko.

"Baba Koma, hebu kimbia kwa yule seremala wa jirani. Mwambie aje kidogo, kuna hadithi imetushinda."